Bunduki ya Sura ya Saba

Ndugu msomaji, kama na wewe ni mwenzetu, yaani unamaliza daftari la kurasa mia mbili kila baada ya miezi mitatu na bado hakuna mchapishaji anayekufahamu, basi shida yangu utaielewa mara moja. Riwaya yangu imekwama kwenye sura ya saba. Haikukwamishwa na mapenzi, maana mapenzi yenyewe yalikwisha kwenye sura ya nne, tena kwa matusi. Imekwama kwa sababu mlinzi wa ghala la vitenge amesimama getini, saa nane na dakika kumi usiku, wezi wanaruka ukuta, na mimi bado sijaamua ameshika bunduki gani.

Utasema bunduki ni bunduki tu, andika "akafyatua" usonge mbele. Ndivyo walivyosema hata washikaji zangu wa kijiwe chetu cha Jumamosi pale Magomeni, ambapo tunasomeana kazi zetu kwa zamu na kunywa kahawa ya mkopo. Mmoja akaenda mbali zaidi, akaniambia nimpe mlinzi AK-47 biashara iishe. Ebo! Mlinzi wa ghala na AK-47? Huyo analinda vitenge au analinda mpaka?

Kusema kweli sisi tuliosoma kwa kuazimana vitabu vilivyong'oka majalada tulilelewa na bastola. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa si watu wa kukesha getini na thermos ya chai. Lakini toka nje sasa hivi, pita mbele ya benki, kituo cha mafuta, au duka lolote kubwa la jumla pale Kariakoo. Yule aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, kama hana rungu, basi ana shotigani. Tunampita kila siku na hatumwandiki. Mimi nimeamua kumwandika, na ukimwandika mtu lazima ujue alichoshika mkononi, kama vile ukimwandika fundi cherehani lazima ujue mguu wake unafanya nini chini ya meza.

Sasa shotigani nayo ina ukoo wake. Achana na ile ya mitutu miwili inayokunjwa katikati. Za kuchagua kwa mlinzi wangu zimebaki mbili: ya pampu na ya semi-otomatiki. Zote zinapiga risasi ya aina moja, ile nene yenye goroli ndani, na mara nyingi ni geji 12. Hiyo kumi na mbili si milimita wala inchi. Ni hesabu ya Waingereza wa zamani: chukua ratili moja ya madini ya risasi, uyeyushe, utengeneze goroli kumi na mbili zinazolingana. Upana wa goroli moja ndio upana wa mtutu, kama milimita 18 na nusu hivi. Niliyasoma hayo kwenye simu mpaka bando likaisha, na sijutii.

Ya pampu inaendeshwa na mkono. Chini ya mtutu kuna bomba lililobeba risasi zimepangana mstari, na kwenye bomba hilo kuna kishikio ambacho mkono wa kushoto unakivuta nyuma na kukisukuma mbele. Ukivuta, ganda lililokwisha kupigwa linarushwa nje. Ukisukuma, risasi mpya inaingia chemba. Hapo ndipo unaweza kupiga tena. Usipovuta na kusukuma, hata ubonyeze triga mpaka kidole kiote sugu, hakuna kitu. Na kwa kuwa nguvu ni ya mkono wako, bunduki yenyewe haijali kama risasi ni kali au ni dhaifu, mpya au ya zamani. Inachohitaji ni mtu asiyeogopa kuvuta mpaka mwisho, maana aliyepagawa huvuta nusu njia, risasi ikakwama katikati, na hapo ndipo mwizi anapopata muda wa kutafakari.

Semi-otomatiki yenyewe inaiba nguvu kutoka kwenye risasi iliyopigwa. Kuna zilizotobolewa tundu dogo kwenye mtutu, gesi ya baruti inapenya humo na kusukuma pistoni. Kuna nyingine zinatumia lile teke linalokupiga begani. Vyovyote iwavyo, kabla hujapepesa macho ganda limeruka, risasi mpya imeingia, na triga inakungoja. Si rashasha, usichanganye. Kila mlio unataka kidole kibonyeze upya. Lakini mkono wa kushoto hauna kazi tena zaidi ya kushikilia. Zile za gesi hata teke lake ni laini kidogo. Ubaya wake ni kwamba ukiipa risasi dhaifu, au ukiiacha ilale na uchafu miezi sita, inaweza kugoma katikati ya kazi.

Hapa lazima nikupe kisa kimoja kilichoniweka macho usiku kucha. Bunduki hizi zina baba mmoja, ndugu msomaji! John Browning, mtoto wa fundi bunduki wa mji wa Ogden, jimbo la Utah kule Marekani. Shotigani yake ya pampu ilitoka kwenye kiwanda cha Winchester mwaka 1897, na Wamarekani wakaenda nayo mpaka kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Septemba 1918 Wajerumani, ambao walikuwa wenyewe wameshatumia gesi ya sumu, wakapeleka malalamiko rasmi kwamba silaha hiyo inatesa watu kupita kiasi. Marekani ikakataa malalamiko. Pampu hiyo ya zamani ilikuwa na tabia moja: ukiwa umeshikilia triga huku unapampu, ilikuwa inapiga kila kishikio kikifika mbele. Za siku hizi, kama Remington 870 iliyoanza kuuzwa mwaka 1950 na kutengenezwa zaidi ya milioni 10, hazifanyi mchezo huo. Lazima uachie triga kwanza.

Semi-otomatiki nayo Browning aliipeleka kwanza kwa Winchester walewale. Safari hii alitaka alipwe asilimia kwa kila bunduki itakayouzwa, nao wakamkatalia. (Waandishi wenzangu, mnaisikia hiyo? Hadithi ya mrabaha haikuanza na sisi.) Akaenda Remington, Januari 1902. Akiwa amekaa anasubiri kumwona mkuu wa kampuni, Marcellus Hartley, akaambiwa kwamba mzee huyo amefariki. Basi akachukua bunduki yake, akapanda meli, akaenda nayo Ubelgiji kwenye kiwanda cha FN. Kule ikatengenezwa, na ikaendelea kutengenezwa karibu karne nzima. Hadi leo hoja haijaisha. Mwaka 1999 wanamaji wa Marekani walichagua semi-otomatiki ya Kiitaliano, Benelli, wakaipa jina M1014, wakati mapolisi wengi wa nchi hiyohiyo waliendelea kuzunguka na pampu ndani ya magari yao.

Mimi nilishachagua pampu. Nakuambia wazi. Na sikuichagua kwa sababu ya ule mlio wa kwenye sinema, "chak-chak!", unaomfanya mwizi ajikojolee. Ule mlio umeshaharibu waandishi wengi. Angalia vizuri siku moja: shujaa anakoki bunduki, anaongea, anakoki tena, anatishia, anakoki mara ya tatu. Kila akikoki, risasi nzima ambayo haijapigwa ilitakiwa idondoke sakafuni. Akifika mwisho wa hotuba hana risasi! Halafu anayepigwa anaruka nyuma mita tatu na kuvunja dirisha. Kama bunduki ingekuwa na nguvu ya kumrusha aliyepigwa, si ingemrusha na aliyeipiga? Na goroli hazitawanyiki kama mchele wa harusi. Chumbani, hatua tano au sita, bado zimebanana, shimo lake halizidi ngumi.

Niliichagua pampu kwa sababu ya kituo. Kati ya mlio wa kwanza na wa pili kuna kazi ya mkono: vuta, sukuma. Ni nusu sekunde, labda pungufu kwa aliyezoea. Lakini riwaya nzima inaweza kuingia ndani ya nusu sekunde hiyo. Mlinzi anaweza kumwona mwizi ni nani. Anaweza kumkumbuka mwanawe. Semi-otomatiki haina nafasi ya koma kati ya mlio na mlio. Nilifurahi sana nilipopata wazo hilo, nikaliandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari na kulipigia mstari.

Watunga sheria wa nchi za wenzetu hawakuijali koma yangu hata kidogo. Uingereza, baada ya mauaji ya Hungerford ya mwaka 1987, walitunga sheria mwaka 1988: shotigani ya pampu na semi-otomatiki zikawekwa kwenye kapu moja, na yenye uwezo wa kubeba zaidi ya risasi mbili kwenye magazini haipatikani tena kwa kibali cha kawaida cha shotigani. Australia, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwezi Aprili 1996, nao wakabana zote mbili kwa pamoja. Kwao tofauti ya nusu sekunde haikutosha. Nilisoma hayo nikanuna, lakini sikubadili msimamo. Sheria ni sheria, nikasema, na riwaya ni riwaya.

Halafu nikaenda kwa mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mlinzi. Ameifanya kazi hiyo tangu mimi sijaanza darasa la kwanza. Kampuni yake sitaitaja, wala lindo lake, na yeye mwenyewe nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika haya. Alicheka, akasema wakubwa zake hawasomi magazeti ya hadithi, ila nisiandike jina wala mwaka. Nimetii.

Nilimkuta asubuhi, ametoka lindo, anakunywa chai na mihogo. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba, umeshindwa kazi unakuja kula kwangu?" Sisi tunaitana mjomba kwa mjomba, na kila mara kuna utani. Nikamweleza habari ya sura ya saba. Nikamsomea na ile koma yangu. Alisikiliza huku anatafuna, kisha akasema, "Kidole ni cha mtu, mjomba, si cha bunduki." Nikaona hapa sina hoja, mzee kanimaliza.

Lakini alipomaliza chai akaendelea kukaa. Akaniambia kuna usiku mmoja, zamani, wezi waliingia lindoni kwake. Walikuwa wanne. Alikuwa na pampu ya kampuni na risasi tatu, na kila risasi ina namba kwenye kitabu. Akapiga moja juu. Watatu wakaruka ukuta wakapotea. Wa nne suruali yake ikanasa kwenye waya wa miba, akabaki ananing'inia pale juu, kijana mdogo tu, hana hata ndevu, anavuta suruali huku analia.

"Nilimlenga," mjomba akasema. "Nikabonyeza."

Nikanyamaza.

"Nikabonyeza, triga imelegea. Kama swichi umeme ukiwa umekatika. Nilikuwa nimesahau kupampu."

Yule kijana akachanika suruali akaangukia upande wa pili. Mjomba akabaki na bunduki yake imeelekezwa kwenye ukuta mtupu. Asubuhi aliandika maelezo ya kurasa tatu kuhusu risasi moja iliyopungua, na akapewa barua ya onyo kwa kutokamata mtu. Hiyo mara ya pili ya kidole hakuiandika kwenye maelezo. Hakumwambia mtu, hata shangazi. Maana bunduki haikulia, na kitu kisicholia hakina namba kwenye kitabu.

Unaona, ndugu msomaji? Mimi koma yangu niliijaza huruma. Niliweka humo mlinzi anayefikiri, anayekumbuka, anayeamua. Kumbe katika ile nusu sekunde ya kweli hapakuwa na uamuzi wowote mzuri. Palikuwa na mtu mwenye hofu aliyeshaamua kuua, na mkono wa kushoto uliosahau kazi yake. Kijana yule kama yu hai leo ni mtu mzima, labda ana bodaboda, labda ana watoto, na hajui kwamba anaishi kwa sababu ya kishikio cha plastiki ambacho hakikuvutwa.

Nilitaka kuondoka nikaandike. Mjomba akanizuia. "Kaa. Nina shida na wewe, wewe si ndiye mwandishi?"

Shida yenyewe ni hii. Kampuni yao imepata bunduki mpya, semi-otomatiki za Kituruki. Si nyingi. Walinzi wa zamani wameambiwa anayetaka kuhamia kwenye bunduki hizo aandike barua, atapelekwa kwenye mafunzo ya siku mbili. Asiyetaka atabaki na pampu yake. Mjomba anaitaka ile mpya.

Nilishangaa. "Baada ya ulichonieleza?"

Akanyanyua mkono wa kushoto. Ukafika usawa wa kifua ukagoma. Mwaka 2019 alianguka na bodaboda, bega likatoka, likarudishwa, lakini halikurudi sawasawa. Sisi tulijua lilipona. Kumbe akikoki pampu siku hizi anaiegemeza kitako kwenye nyonga na kujipinda kiuno ndipo kishikio kisogee, na kila ukaguzi anaomba Mungu mkaguzi asimwambie afanye haraka. Mkaguzi akigundua, kazi hakuna. Ana miaka hamsini na sita. Mtoto wake wa mwisho yuko kidato cha pili.

Kwa hiyo bunduki inayomfaa ni ileile isiyo na kituo. Ukipiga moja, ya pili imeshafika. "Ile ya zamani inaniuliza," akasema, "hii haiulizi. Najua. Lakini mkono hauna nguvu ya kujibu tena."

Nikamwuliza kama haogopi. Akasema anaogopa sana, na kwa sababu hiyo ameshajipangia: akipewa hiyo mpya, kidole kitakaa nje ya kikingio cha triga mpaka mwisho, na akipiga ya kwanza juu atakitoa kidole nje tena, atahesabu. Kuhesabu mpaka ngapi? "Mpaka tatu. Ikishindikana, mpaka mbili." Akanionyesha na kijiti cha mwiko, mkono wa kulia, kidole kimenyooka pembeni. Aliifanya mara nne au tano pale barazani, na shangazi alipotokea mlangoni akajifanya anachokonoa jiko.

Basi tukaandika barua. Nimeandika mapenzi ya sura nne, nimeandika mazishi, nimeandika mtu anasaliti rafiki yake ndani ya daladala lililojaa. Sijawahi kupata kazi ngumu kama ukurasa ule mmoja. Bega halitajwi, hilo lilikuwa sharti la kwanza. Usiku ule hautajwi. Ibaki sababu gani sasa? Nikaandika kwamba mwombaji, baada ya utumishi wa muda mrefu, ana nia ya kujiendeleza kwa kujifunza zana za kisasa ili kuongeza ufanisi katika lindo. Nikamsomea.

"Kujiendeleza toa," akasema. "Watafikiri nataka nyongeza."

Nikatoa. Akasaini kwa mkono wa kulia, taratibu, herufi moja moja, akaikunja barua mara mbili na kuiweka ndani ya kofia ya kazi. Majibu bado hayajatoka. Sura ya saba nimeifuta yote na kuanza upya: mlinzi wangu bado ana pampu, lakini nimempa bega bovu, na wezi bado wako juu ya ukuta.